Kijani Kingi, Punje Chache: Kutafuta Chakula cha Korongo Nairobi

Jumatatu, Museum Hill

Kabla ya kuvaa gambuti tulianza na mimea iliyokauka zamani. Herbariamu ya Afrika Mashariki iko ndani ya Makumbusho ya Kitaifa. Mkusanyo wake ulianzia Amani, kule milima ya Usambara, mwaka 1902, kisha ukahamishiwa Nairobi mwaka 1950. Kabati baada ya kabati, mimea imebanwa kwenye karatasi ngumu, na kila karatasi ina kibandiko: aliyeuchuma, mahali, tarehe. Mimi niliomba jamii ya ndago. Mwenzangu, ambaye nyasi ndizo wazimu wake, akazama kwenye masuke hadi saa ya chai.

Tunachotafuta ni rahisi kukisema: korongo wanaoishi Nairobi na wanaopitia hapa wanakula mimea gani, iko wapi, na inapatikana lini. Tunayemfuata ni korongo taji, yule mrefu mwenye manyoya ya dhahabu kichwani, ndege wa taifa la Uganda. Tangu 2012 ameorodheshwa kimataifa kuwa hatarini kutoweka. Vinamasi anakotagia vinakaushwa, vifaranga wanakamatwa wakauzwe, nyaya za umeme zinamgonga, na mashambani anakutana na sumu. Safari zake si za mabara. Hizo ni za nduguze, korongo wa Ulaya wanaotoka Ufini na Urusi hadi Ethiopia, wakaokote masalio ya mavuno karibu na Ziwa Tana. Huyu wetu anafuata mvua na malisho: mwezi huu yuko Kikuyu, mwezi ujao humwoni, halafu unasikia watu wa Athi wanamlalamikia kwenye mahindi machanga.

Namna ya kupima tumeiazima kutoka Ziwa Poyang, mkoa wa Jiangxi, China. Karibu korongo weupe wote wa Siberia waliobaki duniani hukaa huko majira ya baridi. Ziwa hufura majira ya joto na kunywea wakati wa baridi, na maji yakishuka ndege huingia kwenye tope kuchimbua viazi vidogo vya mmea wa chini ya maji uitwao Vallisneria. Watafiti huchota tope, hulichekecha, huhesabu viazi vilivyomo katika kila mita ya mraba. Mwaka 2010 mafuriko yalizidi, mmea ukaharibika, viazi vikakosekana. Ukiangalia ramani ya kawaida, Poyang ilikuwa palepale na rangi yake ya buluu. Lakini korongo walihamia kwenye malisho ya nyasi, wakawa wanachimbua mizizi ya mimea mingine ambayo hawakuwa wakiitegemea hapo awali.

Kisa hicho ndicho kilichonivuta kwenye kazi hii. Ziwa linaweza kuwepo na chakula kisiwepo.

Jioni nilipata karatasi za miaka mingi nyuma zilizoandikwa kwamba mmea ulichumwa kinamasini Nairobi, bila zaidi. Reli ilifika hapa mwaka 1899 ikakuta tambarare yenye maji, kwa hiyo "kinamasini" inaweza kuwa popote ambapo leo watu wanapanda matatu.

Jumanne, Kasarani

Siku ya kompyuta, na sina mengi ya kusema. Tulikuwa kwenye kituo cha kanda cha ramani za rasilimali, RCMRD, kilichoanzishwa mwaka 1975. Picha zetu ni za setilaiti za Sentinel-2: kila nukta ya picha ni mita 10 kwa 10 ardhini, na mahali pamoja hupigwa picha kila baada ya siku 5. Ploti ya futi hamsini kwa mia, ile ambayo kila Mnairobi anaiota, haifikishi nukta tano. Kinamasi kidogo cha kando ya mto kinaingia kwenye nukta chache hivyo hivyo, nusu maji, nusu mabati ya jirani.

Shida ya Juni ni mawingu. Picha baada ya picha, Nairobi ilikuwa pamba tupu. Ilibidi tuongeze picha za rada za Sentinel-1, ambazo hupenya mawingu, ili angalau tujue palipo na maji.

Ramani ya kwanza ilipotoka ilipendeza macho. Sehemu zilizong'aa kijani kuliko zote zilikuwa kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, Bwawa la Nairobi, vipande vya mbuga, na viwanja vya gofu. Mwenzangu akasema, "Basi korongo waende wakacheze gofu." Tukapanga tupite penye kijani kimoja kimoja tuone kuna nini cha kuliwa.

Jumatano, Ondiri

Matatu ya Kikuyu ilituacha kwenye ukungu. Juni huku juu ni baridi ya kutia mikono kwapani, na tulikuwa na mzigo: fremu ya mabomba ya plastiki yenye upande wa sentimita 50, fimbo ya kupimia kina, chekeche, mizani ndogo, bahasha za kaki, na bomba refu la kuchotea tope.

Ondiri ni chanzo kimojawapo cha Mto Nairobi. Ukiitazama kutoka barabarani unadhani ni uwanja wa nyasi ndefu. Ukikanyaga, uwanja unatikisika. Mimea imefumana juu ya maji na tope la mboji, na mtu akiruka hapa, masuke ya hatua kadhaa mbele yanapepea. Kijana wa kijijini anayejua njia alitutangulia, na kila tulipotaka kukata kona alisema neno moja tu: "Huko hapana." Tulimsikiliza.

Tulianza kama wanavyofanya Poyang. Bomba likashuka, likapanda na tope jeusi, tukalimwaga kwenye chekeche na kulisuuza kwa maji ya mfereji. Pembeni, palipokauka kidogo, tulipata ndago halisi. Nilikata mzizi mmoja mrefu nikauweka kiganjani: viazi vyeusi vyenye ukubwa wa punje ya njegere, vimeunganishwa na kamba nyembamba ngumu, kimoja baada ya kingine, kila kimoja na vinyweleo. Ukikikwaruza kwa kucha, ndani ni cheupe, na kinanukia dawa. Mkulima anayajua haya vizuri, maana akivuta jani, kamba inakatika na viazi vinabaki chini vikimsubiri.

Ila nani atavila? Hapo ndipo tulipobishana, tumesimama kwenye baridi na mikono imekufa ganzi. Korongo wa Siberia ana mdomo mrefu wa kuchimbia. Yule mkubwa wa kusini, mwenye minofu miwili inayoning'inia kidevuni, naye huchimba viazi vya Eleocharis, mmea wa jamii ya ndago, kwenye tambarare za Kafue, Zambia. Korongo taji ana mdomo mfupi. Yeye ni wa kudonoa: masuke ya nyasi na ya ndago, nafaka, ncha za majani mabichi, na wadudu, minyoo na vyura wa kumwongezea. Tukihesabu viazi vya ardhini tutapata ramani nzuri ya chakula cha ndege ambaye hayuko Nairobi. Tukakubaliana viazi tuviandike, lakini uzito wa kazi uwe juu ya ardhi: masuke yaliyoiva, kimo chake, na kama ndege anaweza kufika hapo akiwa anaona mbali.

Hilo la kuona mbali si dogo. Katikati ya Ondiri mimea inamzidi korongo kimo, naye ni ndege wa kama mita moja. Hawezi kula mahali ambapo hawezi kumwona mbwa akija. Humo anatagia, kwenye kichuguu cha majani alichokikusanya mwenyewe juu ya maji. Chakula chake kiko ukingoni, kwenye nyasi fupi za Kikuyu zilizolishwa na ng'ombe, na kwenye mashamba yanayopakana. Kinamasi kwake ni chumba cha kulala, na jiko liko nje.

Na jiko hilo lina wenyewe. Tulikuwa tumelaza fremu kwenye ukingo wa shamba la sukuma wiki, mmoja ameinama, mwingine ana simu ya GPS, mama mmoja akatoka na jembe begani.

"Mnapima ploti ya nani?"

"Hapana, mama. Tunahesabu mbegu za nyasi."

"Mbegu za nyasi." Akaitazama fremu, akatutazama sisi. "Na mmetoka Nairobi?"

Nilimwonyesha bahasha, nikammwagia masuke kiganjani. Kwa namna watu wa hapa wanavyoiogopa GPS, sikumlaumu. Mtu akija na kifaa cha kupimia, mara nyingi baada yake huja mwingine na hati. Alipoona kweli ni nyasi alicheka sana, akaweka jembe chini, na hapo ndipo kazi ilipoanza. Alitueleza kwamba korongo huja shambani mwake asubuhi baada ya kulima, wakati udongo uko wazi, na huja tena mahindi yakichipuka, na ujio huo wa pili ndio ugomvi wao. Wakati mashine za kuvuta maji zinanguruma mfululizo, hawaji. Alituonyesha kwa kidole ukanda ambao zamani haukulimika kwa maji na leo una spinachi. Nikaufuata kwa GPS kwa ruhusa yake, akitembea nami.

Alhamisi, Bwawa la Nairobi

Bwawa lilijengwa mwaka 1953 liwe akiba ya maji ya kunywa, na kuna wakati watu walikuja hapa na mashua za tanga. Leo unasimama ukingoni, Kibera nyuma yako, na huoni maji. Magugu maji yamefunika, na penye mchanga uliojaa watu wamepanda nduma na mboga.

Kwenye ramani ya Kasarani hapa ndipo palipong'aa kupita kote. Tulilaza fremu kila tulipoweza kufika bila kuzama kwenye uchafu. Magugu maji kwa wingi, nyasi kidogo pembezoni, masuke ya kuhesabika. Mvua ikaanza, manyunyu yale ya Juni yasiyoisha wala kuwa mvua. Vijana waliokuwa wakitazama waliuliza kama tunatafuta mwili. Tulipowaambia tunatafuta chakula cha ndege walionekana kukasirika kidogo, na sioni ajabu. Tukarudi mapema.

Ijumaa, Mbuga ya Nairobi

Mbuga ilitengwa mwaka 1946, kilomita za mraba 117, na upande wa kusini haina uzio, wanyama wanatoka na kuingia kwenda tambarare za Kitengela. Kibali kinasema kushuka kwenye gari ni mahali palipokubaliwa tu na askari wa wanyama akiwa nasi. Askari wetu alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye bunduki na leso shingoni. Alitufahamisha mapema kwamba mbegu hazimhusu, yeye anatazama nyati.

Karibu na Hyena Dam tulikuta korongo wawili kabla hata ya kuzima injini. Tuliwatazama kwa darubini mpaka askari akachoka. Walitembea bega kwa bega, na kila baada ya hatua kadhaa walikanyaga chini kwa nguvu, mguu huu, mguu ule, panzi wakaruka, wakadakwa. Kisha mmoja akafika kwenye kichaka cha nyasi zilizoiva. Hakudonoa chini. Alilishika suke pembeni mwa mdomo, akavuta kichwa nyuma taratibu, mbegu zikabaki mdomoni na uti wa suke ukabaki uchi kwenye bua. Akalifuata la pili. Kimo cha masuke hayo kilikuwa kati ya goti lake na kifua.

Walipoondoka tulikwenda pale pale. Mabua yaliyovuliwa yalionekana waziwazi ukijua cha kutafuta, na mwenzangu wa nyasi alikuwa na furaha ya mtu aliyeokota pesa. Tulilaza fremu, tukakata masuke yaliyobaki, tukapima kimo. Halafu tukalaza fremu nyingine hatua kadhaa upande wa pili, palipokuwa kijani zaidi. Pale palikuwa na gugu karoti, mmea wa kigeni uliotapakaa sehemu za mbuga, majani mororo kama ya karoti na vimaua vyeupe. Setilaiti haiutofautishi na malisho mema. Chini yake nyasi zilikuwa chache na dhaifu. Ramani ya Jumanne ilikuwa imeipa sehemu hii alama ya juu.

Tukiwa tumeinama treni ya SGR ilipita kwenye daraja lake refu juu ya mbuga, twiga hata hakugeuza shingo. Askari akatuita garini, safari hii bila upole. Nyati walikuwa wametoka kwenye vichaka upande ambao hatukuwa tukiutazama.

Jioni kabla ya kufunga lango tuliona tena korongo, sijui kama ni wale, wakipanda kulala juu ya mgunga. Korongo wengine wa dunia hulala wamesimama kwenye maji ya kina kifupi. Korongo taji na nduguye korongo mweusi mwenye taji ndio wanaoweza kushika tawi, kwa sababu kidole chao cha nyuma ni kirefu. Kwa ramani yetu maana yake ni kwamba tuongeze miti: malisho mazuri yasiyo na mahali pa kulala karibu yanamlazimisha aruke mbali kila siku, na njiani kuna nyaya.

Jumamosi, Ruai

Mabwawa ya majitaka ya Ruai hupokea uchafu wa sehemu kubwa ya jiji, na wapenda ndege wote wa Nairobi wanayajua. Harufu unaizoea baada ya saa moja hivi, au unajiambia umeizoea. Mabwawani penyewe ni mambo ya bata na ndege wapenda maji. Sisi tulitaka nyasi za kingo na uwanda wa nje unaolishwa ng'ombe.

Hapo tulikutana na mzee wa Kimaasai na ng'ombe wake. Tulimwamkia, tukasimama naye kama inavyopasa, tukaulizana habari za mvua na za mifugo kabla ya kutaja ndege. Nilipomwonyesha picha ya korongo kwenye simu alisema, "Huyu anafuata ng'ombe wangu. Wakitimua panzi, yeye anakula." Nikamuuliza mwezi gani anakuja kwa wingi. Hakutaja mwezi. Alisema anakuja nyasi zikianza kugeuka rangi, kabla hazijaanguka, na maji yakiwa bado yamesimama kwenye mitaro.

Hiyo ilikuwa bora kuliko mwezi. Masika ya mwaka mmoja huisha mapema, ya mwaka mwingine huchelewa, na ukiandika "Juni" kwenye ramani umedanganya nusu ya miaka. Rangi ya nyasi inayogeuka na maji yaliyosimama ni vitu ambavyo setilaiti inaweza kuviona, moja kwa picha na kingine kwa rada. Nilikaa chini ya mti nikaandika upya safu za jedwali, mwenzangu akiendelea kukata masuke na kunisema.

Mzee alitaka kujua kama karatasi tutakayochora itamletea serikali. Nikamwambia ukweli, kwamba tutaitoa kwa wanaohifadhi ndege, na mipaka ya mtu haitawekwa humo. Akanipa namba ya mwanawe, ili tumtumie picha ya ramani.

Jumapili, Ngara

Meza ya kulia ya nyumbani kwa mwenzangu, magazeti yametandazwa, bahasha zimepangwa kwa mahali. Masuke tuliyakausha kwanza kwa moto mdogo wa oveni, kwa sababu mbegu yenye unyevu inakuongopea uzito. Halafu ni kazi ya vidole: kusugua, kupeperusha makapi, kutenganisha. Mbegu nyingi za jamii ya ndago zina pembe tatu, unazijua hata ukifumba macho. Za nyasi ni nyepesi na zinaruka mtu akipiga chafya. Mama mwenye nyumba alipita mara mbili akiuliza tutamaliza lini apakue chakula.

Tulipoweka uzito juu ya picha za setilaiti, rangi zilipinduka. Bwawa la Nairobi lilififia. Katikati ya Ondiri pia, ingawa hapo tuliongeza alama ya viota, maana kupafuta kabisa kungekuwa uchokozi. Ukanda mwembamba wa kuzunguka Ondiri ukapanda, nyanda za Ruai zikapanda, na mbuga ikagawanyika vipande vipande kulingana na gugu karoti. Sehemu zenye chakula kingi kwa korongo hazikuwa zile zenye kijani kikali. Ni zile zilizoanza kupauka, zilizo wazi, zenye maji jirani, na nyingi ni za watu wanaolima au kuchunga.

Mwenzangu anataka ramani moja ya mwaka mzima, kwa sababu ofisi zinapenda ramani moja. Mimi nataka tatu: mvua ikinyesha, nyasi zikigeuka, na kiangazi. Ramani moja ya mwaka ingetuambia Poyang ya 2010 iko salama. Tulibishana hadi chakula kikaiva, na hatukumaliza.

Usiku nilimtumia mwana wa yule mzee wa Ruai picha ya kipande chao, ramani ya nyasi zikigeuka. Akajibu baada ya muda mfupi kwa sauti, mzee akisikika nyuma yake akimwelekeza. Mtaro tuliouchora upande wa mashariki, wakasema, umezibwa tangu mwaka jana, maji sasa yanasimama huku kwingine, nyuma ya boma, na ndege wako huko. Wakaweka pini ya mahali. Nimeifungua: nukta nne hivi za setilaiti, na kwenye ramani yetu hazina rangi yoyote. Kesho tunarudi Ruai na fremu kabla ya kwenda kinamasi cha Manguo, Limuru.